Muulize Mwalimu: Mtoto wa mwezi na fundi aliyekosekana kwenye seli

Wasomaji wangu, barua za mwezi huu zimekuja nyingi, na nyingi zinahusu kitu kimoja, baada ya ile makala ya toleo lililopita kuhusu jua na ngozi. Kuna moja nimeisoma mara tatu. Hiyo nimeipa nafasi kubwa, wengine mnisamehe kama majibu yenu ni mafupi.

SWALI: Asalaam aleykum Mwalimu, na shikamoo. Mimi nipo Unguja, kwa asili ni Mngazija, na dada yangu kaolewa Mayotte, kule visiwa vya Komoro. Ana mtoto wa kike wa miaka minne. Toka ana mwaka na nusu alianza kutoka vidoti vyeusi usoni, juu ya pua na mashavuni, alafu mikononi, sisi tukasema ni urembo tu. Baadae ngozi ikawa kavu kama ya mtu mzima, na macho hataki mwanga kabisa, anayafumba. Kituo cha kwanza walichompeleka waliambiwa ni mzio, wakapewa mafuta, mwaka mzima wakawa wanapaka. Mwisho dokta mwengine akachukua damu, majibu yaliporudi akasema huyu ni mtoto wa mwezi, mwili wake hautengenezi protini moja inaitwa XPC, na asipigwe na jua tena maisha yake yote. Mwalimu, protini mimi naijua ni maharage na samaki. Iweje ikosekane protini moja mtoto asiweze kutoka nje? Na huyu mtoto ni mweusi kama sisi na hajawahi hata kuungua jua, si tuliambiwa ngozi nyeusi inakinga? Bibi yake anasema ni husda. Upande wa mume wanamsema dada yangu kwamba alikula vitu wakati wa mimba. Nisaidie niwaeleze.
*Mama mdogo, Unguja*

Waaleykum salaam mwanangu, marahaba. Kwanza mfikishie dada yako ujumbe huu kabla ya sayansi yoyote: hakuna alichokula, hakuna alichofanya, na hakuna aliyemtazama mwanawe vibaya. Huyu mtoto kazaliwa na ugonjwa unaoitwa zeroderma pigmentosamu, kwa kifupi XP, na sababu yake inajulikana mpaka herufi.

Tuanze na protini. Zile za maharage na samaki ukila zinavunjwavunjwa tumboni zinakuwa vipande vidogo, alafu mwili unavichukua vipande hivyo na kujenga protini zake wenyewe, maelfu kwa maelfu ya aina, kila moja na kazi yake, kuna ya kubeba hewa kwenye damu, kuna ya kukaza msuli, na kuna zinazofanya kazi ya ufundi tu ndani ya seli, kutengeneza vilivyoharibika. XPC ni mmoja wa mafundi hao. Huwezi kuila ukaipata, hata ukila samaki wa bahari yote, kwa sababu inajengwa ndani ya seli kwa kufuata maelekezo yaliyoandikwa kwenye DNA.

Na hiyo DNA ndo inayoharibika. Chukulia ni ukili, ule wa kushonea mkeka, mrefu mno, umesokotwa kwa nyuzi mbili zinazokaa uso kwa uso, na kila uzi una herufi zake A, T, G na C, A inashikana na T ya upande wa pili na G na C. Jua likipiga ngozi, ile mionzi yake ya UV inaingia mpaka kwenye ukili huo na kuzigandisha herufi mbili jirani za uzi uleule, mara nyingi T na T, zinashikana zenyewe kwa zenyewe zinaacha kumshika mwenzao wa upande wa pili vizuri, panatokea nundu. Sasa seli ikitaka kugawanyika lazima ikopi DNA yote, mashine ya kukopi ikifika pale penye nundu inakwama au inabahatisha herufi, inaweka siyo. Herufi siyo zikiwa mahali pabaya, kwenye zile jeni (vipande vya DNA vyenye maelekezo ya kujenga protini) zinazoizuia seli isizaliane ovyo, basi hapo ndo saratani inapoanzia.

Hii siyo ajali ya nadra. Inakupata wewe, inanipata mimi, kila siku tukitoka nje. Ukijumlisha jua na madhara mengine yanayotokea mwilini kwenyewe, seli moja inapata madhara makumi ya maelfu kwa siku kwenye DNA yake. Tunaishi kwa sababu yanatengenezwa.

Sasa XPC inafanya nini hasa. Hapa nifurahishwe kidogo maana ni sehemu naipenda sana. Fikiria bibi anayekagua ukili gizani. Haoni jani bovu liko wapi, anapitisha kidole tu, na pale ukili ulipolegea anasimama. XPC ndivyo inavyofanya kazi, haitafuti ile nundu yenyewe, inatafuta ulegevu, yaani mahali ambapo nyuzi mbili hazishikani sawasawa. Ikipaona inapenyeza sehemu yake katikati ya nyuzi, inazipanua, na inashika uzi wa upande wa pili, ule MZIMA, siyo ule ulioharibika. Ndo maana fundi huyu mmoja anaweza kugundua uharibifu wa aina nyingi tofauti ambao haufanani kabisa, wa jua, wa moshi wa sigara, wa kemikali, kwa sababu hajali kibovu kina sura gani, anajali ulegevu tu. Haendi peke yake, ana wenzake wawili wanaomshikilia asivunjike, RAD23B na sentrini 2, na kwa zile nundu ndogo ambazo hazilegezi sana kuna protini nyingine inaitwa DDB2 inayotangulia kuupinda ukili ili XPC iuone.

XPC ikishasimama pale inaita kikosi. Linakuja kundi kubwa linaloitwa TFIIH, ndani yake kuna XPB na XPD, wanafungua nyuzi kama zipu na XPD anatembea juu ya uzi kuhakikisha kweli hapa pana kibovu. XPA anahakiki. Alafu mikasi miwili, XPG anakata upande mmoja na XPF na mwenzake ERCC1 wanakata upande wa pili, kipande cha herufi kama 30 hivi kinatolewa chote pamoja na nundu, mashine ya kukopi inajaza pengo kwa kusoma uzi mzima wa upande wa pili, na mwisho protini inayoitwa ligesi inaunga. Hakuna hata alama inayobaki.

Kwa mtoto wenu mikasi ipo, mjazaji yupo, muungaji yupo. Aliyekosekana ni yule wa kwanza, wa kupapasa na kuita. Wote wako pale wanasubiri kuitwa na hawaitwi.

Umeuliza kuhusu ngozi nyeusi, swali zuri kuliko yote. Ngozi nyeusi ni pazia. Kwa mtu mweusi kama asilimia 7 ya mionzi ya UVB, moja ya aina za UV, inapenya ngozi ya juu, kwa mzungu ni kama asilimia 24. Ni tofauti kubwa lakini 7 siyo sifuri, na kwenye jua la Zingibari na Mayotte hiyo 7 ni nyingi, kipimo cha UV huku kwetu mara nyingi kinafika 11 na kuzidi, na 11 ndo ngazi ya juu kabisa kwenye chati ya Shirika la Afya Duniani. Kwetu sisi wengine kile kinachopenya kinatengenezwa. Kwake kinajikusanya, siku baada ya siku, toka siku ya kwanza alipoanikwa nje ya mlango na bibi yake.

Na kuhusu kutoungua, hapo ndo aina hii ya XP inapowadanganya wazazi na hata wahudumu wa afya. Kuna aina nyingine mtoto akitoka dakika chache tu anavimba uso na malengelenge, mzazi yeyote atashtuka. Lakini aliyekosa XPC mara nyingi haungui kupita kawaida. Sababu ni kwamba seli ina njia mbili za kuanza ukarabati. Njia ya kwanza ni hiyo ya XPC kupapasa DNA yote. Njia ya pili haihitaji XPC kabisa, pale mashine inayosoma jeni ikikwama kwenye nundu, kule kukwama kwenyewe ndo kunaita mafundi kupitia protini za CSA na CSB. Kwa hiyo jeni zinazosomwa kila wakati zinaendelea kutengenezwa hata kwa huyu mtoto, seli hazifi kwa wingi, ngozi haiungui. Sehemu zilizobaki ambazo ndo nyingi zinabaki na makovu yake. Hiyo pia ndo sababu ubongo wa watoto wa aina hii kwa kawaida unakua vizuri, tofauti na baadhi ya aina nyingine ambazo usikivu na mishipa ya fahamu vinaharibika taratibu. Mwambie dada yako hilo, ni habari njema na anastahili kuisikia.

Kwa nini Mayotte? Kwa sababu kwenye visiwa vya Komoro kuna badiliko moja la jeni hii lililoanza kwa babu au bibi mmoja wa zamani likaenea kwenye koo. Watafiti walilieleza mwaka 2011, ni herufi moja tu, G imekuwa C, tena mahali ambapo seli inatakiwa kukata na kuunga ujumbe kabla ya kujenga protini, ikikosea kukata ujumbe unaharibika wote na XPC haijengwi. Kule inakadiriwa mtoto 1 kwa kila 5,000, na watafiti waliandika kwamba ni kiwango cha juu kuliko kwengine kote duniani. Marekani na Ulaya ni kama mtu 1 kwa milioni. Mtoto anaugua pale tu anapopata nakala mbovu kwa baba NA kwa mama, wote wawili wazima kabisa hawana hata dalili. Kwa hiyo wale wa upande wa mume wanaomsema dada yako, waambie taratibu, kwa heshima, kwamba nusu ya jambo hili imetoka kwao na nusu kwetu, na hakuna aliyechagua.

Sasa la kufanya, maana hapa ndo maisha ya mtoto yalipo. Kwenye taasisi za afya za taifa za Marekani waliwafuatilia wagonjwa wa XP 106 kuanzia 1971 hadi 2009 na wakakuta saratani ya kwanza ya ngozi kwa kawaida ilitokea kwenye umri wa miaka 9. Siandiki hivi kuwatisha. Ugonjwa hauongezi makovu gizani, unaongeza pale mionzi inapofika. Kila siku anayokingwa ni siku ambayo uharibifu haukutokea, na ana miaka minne tu.

Nguo za mikono mirefu zilizofumwa kwa kubana, ambazo ukiziinua kwenye taa huoni mwanga ukipenya, baibui jeusi zito ni zuri sana kwa hili, glavu, kofia pana au kofia yenye kioo cha kuzuia UV kinachofunika uso wote kama wanazovaa watoto wa Ufaransa, miwani inayofunika pembeni, na losheni ya jua ya SPF 50 kwa kila palipobaki, pamoja na masikio, midomo na nyuma ya shingo, irudiwe kila baada ya saa mbili. Vioo vya dirisha vya kawaida vinazuia UVB lakini UVA, aina nyingine ya UV, inapita, kwa hiyo nyumbani, kwenye gari na skuli vibandikwe karatasi ya kuzuia UV, tinti ya giza peke yake haitoshi kwa sababu kuna tinti ambayo ni giza tu haizuii chochote. Mawingu msiyaamini, yakiwa mepesi mpaka asilimia 80 ya UV inapita. Kivuli cha pwani nacho ni cha kudanganya, mchanga mkavu unarudisha kama asilimia 15 ya mionzi na povu la bahari kama asilimia 25, mtoto kakaa chini ya mnazi na bado anapigwa kutoka chini. Kuna kijipima UV kidogo cha mkononi, familia za watoto hawa zinakitumia kupima kila chumba, muulizeni dokta wake anavyopatikana.

Ngozi yote ikaguliwe na daktari wa ngozi kila miezi mitatu hivi, pamoja na kichwani ndani ya nywele, na macho yapimwe na daktari wa macho, usichukulie kule kufumba macho kama deko, macho yake yanaumia kweli. Kidonda kisichopona au kinundu kinachokua hakisubiri miadi, kinapelekwa siku hiyohiyo. Vitamini D apimwe na apewe ya kunywa maana jua hana. Na asikae na mvuta sigara, kwa sababu kemikali za moshi zinaganda kwenye DNA na fundi wa kuzitoa ni huyohuyo aliyekosekana.

Kucheza anacheza. Wafaransa waliwaita watoto wa mwezi kwa sababu jua likishazama kabisa wanatoka nje wanakimbia kama wengine. Baada ya magharibi mtoto huyo awe na uwanja wake, na muwaite watoto wa jirani waje.

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Nipo kidato cha 5 PCB hapa Dodoma. Kwa nini hizi protini zinaitwa kwa herufi XPA, XPB, XPC, ndo zilivyopangana kufanya kazi au vipi? Na walijuaje kama tatizo ni ukarabati na siyo jua lenyewe?

Nzuri sana kijana. Ugonjwa wenyewe ulielezwa zamani, Vienna, na Moriz Kaposi pamoja na bosi wake Hebra, kwenye kitabu cha mwaka 1874, ila kwa karibu miaka mia hakuna aliyejua chanzo. Alafu San Francisco kulikuwa na mtafiti anaitwa James Cleaver, alikuwa anachunguza seli zinavyotengeneza DNA iliyoharibiwa na UV, akasoma gazetini habari za wagonjwa hawa ambao jua linawapa saratani, akawaza hebu nijaribu seli zao. Seli za mtu asiye na ugonjwa huu ukizipiga UV zinaanza kujaza vipande vipya vya DNA, na kujaza huko unaweza kukupima. Za wagonjwa hazikujaza inavyotakiwa. Akachapisha mwaka 1968. Ilikuwa mara ya kwanza kuonyeshwa kwa binadamu kwamba ukarabati wa DNA ukikosekana saratani inakuja.

Herufi sasa. Mwaka 1972 watafiti wa Rotterdam walichukua seli za wagonjwa wawili tofauti wakaziunganisha ziwe seli moja. Mara nyingine ile seli mpya ikawa inakarabati vizuri! Maana yake kila mmoja alikosa kitu tofauti, na wakiunganishwa huyu anampa yule alichokosa. Mara nyingine haikusaidia, maana yake wamekosa kitu kilekile. Kwa mtindo huo wakawapanga wagonjwa makundi, A, B, C mpaka G, kwa jinsi walivyogundulika tu, siyo mpangilio wa kazi, ndo maana C anaanza kazi kabla ya A. Kuna na la nane, linaitwa V, hao ukarabati wao ni mzima, walichokosa ni mashine maalum ya kukopi inayoweza kupita juu ya nundu bila kukosea, iligunduliwa 1999.

Andika na hili kwenye daftari lako: Nobeli ya kemia ya 2015 ilikwenda kwa watu watatu wa ukarabati wa DNA, Tomas Lindahl, Paul Modrich na Aziz Sancar. Sancar, mzaliwa wa mji mdogo wa Savur huko Uturuki, ndo aliyeonyesha njia hii ya kukata na kujaza inavyofanya kazi.

SWALI: Mwalimu, si XP ndo ualbino kwa jina lingine? Wote jua linawaumiza.
*Msomaji, Moshi*

Hapana, na kuchanganya kunawaumiza wote wawili. Mtu mwenye ualbino amekosa pazia, yaani ile rangi ya melanini, lakini mafundi wake wote wapo kazini, wamezidiwa tu na kazi. Mtoto wa XP pazia analo, fundi hana. Kinga za nje zinafanana sana, kofia, nguo ndefu, losheni, na wewe uliye Moshi una bahati, hapohapo kwenu ndo inapotengenezwa losheni ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Ila mwenye ualbino anaweza kutoka akiwa amejikinga vizuri na kukaa vivulini, wa XP hata mwanga wa dirishani unahesabiwa.

SWALI: Sasa Mwalimu. Mimi ni fundi wa weldingi huku Kamukunji, Nairobi, miaka kumi na mbili. Nilisoma makala ya UV nikashtuka, kuna mtu aliniambia ile moto ya weldingi ni UV pia. Mara nyingi usiku macho inauma kama imejaa mchanga, natia viazi asubuhi inaisha. DNA yangu imeharibika?

Ndugu yangu, aliyekuambia kakuambia kweli. Mwanga wa weldingi una UV ya aina zote, hata ile UVC ambayo ya jua inazuiwa angani haitufikii. Mwaka 2017 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka mionzi ya weldingi kundi la 1, maana yake ushahidi umetosha kwamba inaleta saratani kwa binadamu, hasa ile ya jicho, na moshi wake pia ukawekwa kundi hilohilo.

Ule mchanga unaousikia usiku ni ngozi ya juu ya jicho imeungua. Ulichomelea mchana, maumivu yanakuja saa 6 mpaka 12 baadae, na kwa kawaida inajirekebisha ndani ya siku moja mbili. Kiazi hakijatibu kitu, jicho limejitibu lenyewe na kiazi kikapata sifa. Tena kiazi kina udongo na wadudu na wewe unakitia kwenye kidonda, acha kabisa.

DNA yako imeharibika mara nyingi sana na imetengenezwa mara nyingi sana, XPC yako ipo inafanya kazi yake. Ila mafundi wana kikomo. Zile nundu kubwa zinatolewa ndani ya saa chache, ndogo zinachukua siku nzima na zaidi, na wewe kesho asubuhi uko tena kwenye moto kabla za jana hazijaisha. Kwa hiyo wasaidie. Helmeti yenye kioo cha namba 10 kwenda juu, miwani ya jua ya barabarani haifai hata kidogo, shati la mikono mirefu lililofungwa mpaka shingoni, glavu. Na yule kijana anayekushikia chuma huku ameangalia pembeni na kufumba jicho moja, mpe naye kioo chake. Nimeona wengi sana hao vijana, inaniuma kila nikipita.

SWALI: Mwalimu kuna vidonge vinauzwa mtandaoni elfu themanini kopo, wanasema vinakarabati DNA na kurudisha ujana. Ninunue?

Usinunue. Hakuna kidonge kilichothibitishwa kuongeza mafundi wa DNA kwa mtu mzima mwenye afya, na hakuna kinachorudisha XPC kwa aliyezaliwa bila.

Nisiwe mchoyo wa ukweli lakini, kuna mawili yaliyojaribiwa kwa utaratibu. Moja ni vitamini B3 ya aina inayoitwa nikotinamidi, Australia mwaka 2015, kwa watu ambao tayari walishapata saratani za ngozi zaidi ya mara moja, saratani mpya zilipungua kwa asilimia 23 walipokuwa wanameza, walipoacha faida ikaisha. Hao ni watu wa hatari kubwa tena chini ya daktari, siyo mimi na wewe. Pili ni losheni iliyowekwa kimeng'enya cha ukarabati kilichotoka kwenye kirusi cha bakteria, walijaribiwa wagonjwa 30 wa XP, matokeo yakatoka 2001, waliopaka walipata madoa hatari machache zaidi kuliko waliopaka ya bandia. Ilinifurahisha sana wakati ule, nikadhani baada ya miaka mitano kila mtoto wa XP atakuwa nayo mezani. Mpaka leo haijawa dawa ya kawaida hospitalini.

Elfu themanini nunua kofia nzuri, mwamvuli, na chenji ibaki.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni Mkomoro nipo Marseille, nina miaka 27, mzima. Mdogo wangu wa mwisho ana XP ya hiyo C. Familia inataka nimuoe binti wa mama mdogo, na mimi mwenyewe nampenda. Kuna hatari kiasi gani?

Marahaba mwanangu. Nakupa hesabu alafu uamuzi ni wenu.

Wewe ni mzima lakini mdogo wako anaumwa, kwa hiyo wazazi wako wote wanabeba nakala mbovu moja moja. Katika watoto wao wazima, wawili kati ya watatu wanakuwa wabebaji, hiyo ndo nafasi yako, 2/3. Mama yako ni mbebaji kwa hakika, dada yake nafasi yake ni angalau 1/2, binti yake basi 1/4. Mkiwa wote wabebaji kila mimba ina nafasi 1/4 ya mtoto mgonjwa. Zidisha zote tatu unapata 1/24. Ukioa binti mwingine yeyote wa visiwani asiye ndugu yako, kwa makadirio ya mtoto 1 kwa 5,000, mbebaji ni kama mtu 1 kati ya 35, na hesabu yako inashuka mpaka kama 1/210.

Lakini hizo ni hesabu za watu ambao hawajapima. Badiliko la familia yenu linajulikana, kwa hiyo kumtafuta mbebaji ni kipimo cha damu tu. Nendeni wote wawili kwa daktari wa jenetiki, mchukue na karatasi ya majibu ya mdogo wako ili wajue watafute herufi gani. Ukikutwa hubebi, au yeye habebi, ule 1/24 unafutika na mnaoana kama watu wengine wowote. Mkikutwa wote mnabeba, daktari atawaeleza njia zilizopo, ikiwemo kupima mimba mapema, na mtajua kabla, siyo baada ya mwaka mzima wa kupaka mafuta ya mzio kama ilivyowapata wale wa Mayotte. Pimeni kabla familia hazijaanza kuchangishana ya harusi, maana zikishaanza hakuna atakayetaka kusikia habari ya damu.